Wasiojulikana Wanaojulikana

Sentensi yenyewe unaijua. "Mwili wa mwanamke anayekadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka 25 na 30 umekutwa umetupwa kichakani, na inadaiwa ameuawa na watu wasiojulikana." Aya ya pili itasema chanzo kinadhaniwa kuwa wivu wa mapenzi. Ya tatu ni ya msemaji wa polisi: upelelezi unaendelea, mwenye taarifa ajitokeze. Habari imekwisha. Baada ya siku chache unaisoma tena, umri na jina la mahali tu ndivyo vimebadilika.

Zisome aya ya kwanza na ya pili kwa pamoja uone zinavyogongana. Wauaji hawajulikani, lakini wivu wao umejulikana? Hakuna anayeua kwa wivu wa mapenzi bila kuwa na mapenzi na marehemu, au kujidai anayo. Kwa hiyo mwandishi, pamoja na afande aliyempa habari, wameshatuambia bila kukusudia kwamba orodha ya watu wa kuhojiwa ni fupi, pengine ya mtu mmoja au wawili. Kisha wakaendelea na shughuli nyingine.

Takwimu za dunia zinaelekea huko huko. UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, ilikadiria pamoja na UN Women kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 85,000 waliuawa kwa makusudi. Kati yao, wapatao 51,100 waliuawa na waume, wapenzi, waliowahi kuwa wapenzi wao au ndugu wa familia: wastani wa watu 140 kila siku. Ni asilimia 60. Kwa wanaume waliouawa, waliofia mikononi mwa watu wa nyumbani ni kama asilimia 12 tu. Mwanaume akiuawa, mara nyingi kweli muuaji ametoka nje. Mwanamke akiuawa, pa kuanzia ni kwenye simu yake na mlangoni kwake, na mpelelezi aliyefanya kazi hii hata mwaka mmoja analijua hilo. Ndiyo maana siku hizi nikikutana na neno "wasiojulikana" nalisoma "wasioulizwa".

Kila wimbi la mauaji linapopita, swali linazuka: nani aingilie kati? Na jibu ni lile lile, sote. Jamii, wazazi, walimu, viongozi wa dini, asasi, vyombo vya habari, wanaume wenyewe. Mishumaa inawashwa, nguo nyeusi zinavaliwa, na ikifika Novemba 25 zinaanza zile siku 16 za kupinga ukatili. Siyabezi. Tarehe hiyo ina damu yake: Novemba 25, 1960, dada watatu wa familia ya Mirabal waliuawa katika Jamhuri ya Dominika, wakarudishwa ndani ya gari lao na gari likasukumwa korongoni ili ionekane ni ajali. Waliofanya hivyo walikuwa watu wa dikteta Trujillo. "Wasiojulikana" wa siku ile walikuwa serikali.

Lakini jibu la "sote" linampendeza sana mtu mmoja, naye ni yule mwenye jalada mezani. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Na kazi iliyogawiwa watu milioni kadhaa haina anayeweza kuitwa kesho asubuhi aulizwe kwa nini haikufanyika. Jirani hawezi kuchukua alama za vidole. Shehe na padri hawana uwezo wa kuiagiza kampuni ya simu itoe orodha ya namba zilizopigwa usiku ule. Mama wa marehemu hawezi kumkamata mtu. Yupo mmoja tu mwenye mamlaka hayo, analipwa mshahara kwa ajili hiyo, na sheria imeshamtaja.

Imemtaja zamani. Mwaka 1988 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilitoa hukumu dhidi ya Honduras katika kesi ya Velásquez Rodríguez, mwanafunzi wa kiume aliyetoweka mwaka 1981. Hoja iliyobaki katika vitabu ni hii: hata kama aliyetenda ni mtu binafsi, au hajulikani, dola inaweza kubeba lawama kwa kukosa bidii inayostahili ya kuzuia na kushughulikia kosa. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliichukua hoja hiyo mwaka 1992 katika pendekezo lake namba 19, ikaiweka wazi kwa ukatili wa majumbani na mitaani. Itifaki ya Maputo, iliyopitishwa mwaka 2003 na kuanza kutumika 2005, inazibana nchi za Afrika zilizoiridhia kwa maneno yanayokaribiana na hayo. Kwa hiyo swali la nani aingilie kati lina jibu la kisheria lenye umri wa mtu mzima mwenye watoto. Kilichobaki ni kujua aingilie lini, na yeye akikaa kimya nani amsogeze.

Kuhusu lini, sijaona mahali palipoandikwa vizuri kuliko hukumu ya Ciudad Juárez.

Juárez ni mji wa viwanda kaskazini mwa Meksiko, mpakani na Marekani, ambako tangu mwaka 1993 familia zilikuwa zikihesabu mabinti waliotoweka na waliookotwa wamekufa. Kati ya Septemba na Oktoba 2001 walitoweka watatu, mmoja wa miaka 20, mwingine 17, mdogo wao 15. Yule wa miaka 20 alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Siku hiyo alichelewa kidogo, akazuiwa kuingia, na huko nje hakuonekana tena. Familia zilipokwenda kuripoti ziliambulia maneno ambayo wazazi wengi wa dunia hii wangeyatambua bila mkalimani: pengine yuko na mpenzi wake, msichana mwema hukaa nyumbani. Fomu zikajazwa, matangazo yakabandikwa. Novemba 6 na 7, 2001, miili minane ilipatikana katika shamba la pamba ndani ya mji, na watatu hao walikuwemo.

Hukumu ya mahakama ile ile ya nchi za Amerika ilikuja miaka minane baadaye, Novemba 16, 2009. Majaji walifanya jambo ambalo ningependa lifundishwe kwa kila anayekaa kaunta ya kituo cha polisi. Waliigawa kesi katika vipindi viwili. Kabla ya mabinti kutoweka, walisema, serikali ilijua kwamba wanawake wa mji ule wako hatarini, lakini haikuwa na taarifa kwamba hawa watatu hasa wangedhuriwa. Kwa kipindi hicho hawakuihukumu kwa vifo vyenyewe, ingawa walilaumu kukosekana kwa mkakati wa kuzuia. Kipindi cha pili kinaanza pale mama anapoingia kituoni na kusema mwanangu hajarudi. Kuanzia dakika hiyo, katika mji wenye historia ile, serikali inajua kuna hatari ya kweli iliyo karibu, na inatakiwa kutafuta kwa nguvu zote ndani ya saa na siku za kwanza. Haikutafuta. Hapo ndipo ilipopatikana na hatia.

Tazama uzito wa kaunta hiyo. Sheria imeupima wajibu wa dola nzima kwa saa zinazofuata baada ya askari mmoja wa cheo cha chini kusikia jina la binti. "Njoo baada ya siku mbili" ni tendo lenye matokeo ya kisheria, hata kama anayelitamka anadhani anaahirisha tu karatasi.

Kilichofuata Juárez baada ya miili kupatikana nacho kinahitaji kusemwa, kwa sababu sisi tunaopiga kelele tuna sehemu yetu. Mji uliwaka, wakubwa wakataka majina, na ndani ya siku chache yakapatikana: madereva wawili wa basi, "wamekiri". Walisema waliteswa. Mmoja alifia gerezani mwaka 2003 na mwenzake akaachiwa huru mwaka 2005. Mahakama iliona kwamba kule kubuni wahalifu kulipoteza hata nafasi ya kuwapata wa kweli, maana anayetengeneza muuaji hana haja ya kuhifadhi ushahidi. Shinikizo la umma ni moto wa jikoni. Ukiuacha peke yake unaunguza chungu. Na hili halina tofauti kubwa na ile aya nyingine ya magazeti yetu, "wananchi wenye hasira kali". Umati unaomchoma mshukiwa barabarani umemchoma pia shahidi mkuu, pamoja na majina ya wenzake kama alikuwa nao. Familia inarudi nyumbani ikidhani haki imetendeka. Labda. Hakuna tena njia ya kujua.

Sasa tuje kwenye nyumba, maana ndiko waliko wengi.

Tuna methali inayosema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Ilitungwa kwa ajili ya ndugu, lakini tumeihamishia kwa mke na mume, tukaifanya sheria ya ujirani: ya chumbani hayakuhusu. Tatizo ni kwamba polisi nao wanakaa mitaani kwetu na methali wanazijua. Mwanamke anakuja na jicho limevimba, anaulizwa kama ameshaongea na wazee. Anarudi baada ya wiki mbili kufuta malalamiko, anapongezwa kwa busara. Jalada linafungwa kwa maneno "mlalamikaji hana nia ya kuendelea", na takwimu za kituo zinapendeza.

Mwaka 2009 huo huo, mwezi Juni, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikutana na jalada la aina hiyo, dhidi ya Uturuki, katika kesi ya Opuz. Mume alimpiga mke na mama mkwe kwa miaka, aliwahi kuwagonga kwa gari, na siku moja ya mwaka 2001 alimchoma mkewe kisu mara saba. Kwa visu saba alipigwa faini, tena akaruhusiwa kuilipa kwa awamu. Mara kadhaa wanawake hao walifuta malalamiko na kesi zikafutwa pamoja nayo, ingawa walikuwa wameshaeleza kwamba wanatishiwa kuuawa. Machi 2002 mama mkwe alipakia vyombo ili ahame na binti yake. Mkwe akalisimamisha gari la mizigo na kumpiga risasi.

Serikali ilijitetea kwa hoja ambayo kila kituo kinaitumia: wenyewe walifuta, tungefanyaje? Majaji walijibu kwamba kadiri kosa linavyokuwa zito, au hatari ya kurudiwa inavyokuwa kubwa, ndivyo waendesha mashtaka wanavyopaswa kuendelea hata kama mlalamikaji amejitoa. Wakaongeza, kwa mara ya kwanza katika mahakama ile, kwamba kushindwa kuwalinda wanawake majumbani ni ubaguzi. Mimi nakubaliana nao. Najua hoja ya upande wa pili, kwamba kumlazimisha mwanamke aendelee na kesi asiyoitaka ni kumnyang'anya sauti. Ina ukweli ndani yake, na wapo wanawake waliojuta kuripoti kwa sababu mtoa riziki aliingia ndani na watoto wakalala njaa. Lakini ombi la kufuta malalamiko linapaswa kupokelewa kama taarifa. Limetoka wapi? Nani amemsindikiza? Amesimama wapi akimsubiri? Nimewahi kukaa benchi la nyuma mahakamani nikimwona mwanamke akisema amesamehe, huku kila baada ya maneno matatu akigeuza shingo kuangalia mlangoni. Hakimu alikuwa anaandika, hakuinua macho.

Jirani basi hana kazi? Anayo, na ni ya maana, lakini ni ndogo na ina mipaka. Aite msaada usiku huo, akumbuke saa, aseme alichosikia pale atakapoulizwa. Ushahidi wa jirani unakufa haraka: wiki mbili baadaye familia zimeshakaa, wajumbe wametumwa, na kila mtu alikuwa usingizini. Kinachowafunga midomo mara nyingi si roho mbaya. Wanajua kwamba mpelelezi akija atawataja majina mbele ya mshukiwa, kisha ataondoka na pikipiki yake, na wao watabaki mtaani na mtu yule.

Kisa cha Maria da Penha kinaunganisha haya yote, hata zile aya tatu za gazeti. Alikuwa mfamasia wa mji wa Fortaleza, Brazil. Mwaka 1983 alipigwa risasi akiwa amelala, akapooza miguu. Mumewe aliwaambia polisi nini? Kwamba waliingia majambazi. Watu wasiojulikana! Mwanamke alipotoka hospitali, mume alijaribu tena, mara hii kwa umeme bafuni. Alitiwa hatiani mwaka 1991, kisha 1996, na kila mara akabaki nje kwa rufaa na mbinu za mawakili. Yaani kesi ilikuwa na mshtakiwa, ushahidi, hata hukumu, na bado ilikuwa haijatatuliwa. Mwaka 1998 mwanamke huyo na mashirika yaliyomuunga mkono waliipeleka mbele ya Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika. Tume ikailaumu Brazil mwaka 2001, mtu akaingia gerezani mwaka 2002, miaka 19 baada ya risasi, na Agosti 2006 nchi ikapata sheria namba 11.340 inayoitwa kwa jina la mwanamke huyo.

Watu husimulia kisa hicho kama ushindi. Mimi nakiona pia kama hesabu: ilibidi jalada livuke mipaka ya nchi ndipo mkono ulioling'ang'ania uliachie. Na hapo ndipo lilipo jibu langu kwa sehemu ya pili ya swali. Aliyeshindwa asiachiwe jalada. Kesi ya mwanamke aliyeuawa, kubakwa au kutoweka, ikikaa muda uliowekwa kisheria bila hatua mpya, itoke yenyewe kwenye kituo hicho na kwenda kwa timu nyingine yenye mamlaka kamili, bila mama kupiga magoti, bila video kusambaa, bila mbunge kuuliza. Ihame kama deni linavyohamia kwa mdai mwingine tarehe ikifika. Leo inahama kwa kelele tu, na kelele zina upendeleo: binti wa chuo mwenye picha nzuri mtandaoni anazipata, mfanyakazi wa ndani na mwanamke anayeuza mwili wake hawapati.

Upendeleo huo umeshaua. Peter Sutcliffe aliua wanawake 13 kaskazini mwa Uingereza kati ya 1975 na 1980. Polisi walimhoji mara tisa na kumwachia mara tisa. Walikuwa na maelfu kwa maelfu ya kadi za taarifa zisizosomana, na mwaka 1979 walipotea njia kwa sababu ya barua na kanda ya sauti za mzushi, wakawa wanamtafuta mtu wa lafudhi nyingine kabisa. Lakini kabla ya kanda kulikuwa na kosa la ndani zaidi. Waliamua muuaji anachukia makahaba, wakaanza kuwatofautisha waliouawa: hawa, na wale "wasio na hatia". Wanawake walionusurika mashambulizi yake na hawakuwa makahaba hawakuunganishwa na kesi, kwa kuwa hawakutoshea katika dhana, ingawa baadhi yao walimweleza mtu anayefanana naye. Alikamatwa Januari 1981 na askari wa doria waliotilia shaka namba za gari lake. Mwaka 2020, baada ya kifo chake, polisi wa West Yorkshire waliomba radhi kwa lugha iliyotumika.

Kanada ina kisa kinachoniudhi zaidi, kwa udogo wake. Mwaka 1997 mwanamke mmoja alitoroka akiwa na majeraha ya kisu kutoka shamba la nguruwe la Robert Pickton, karibu na Vancouver. Pickton alishtakiwa, mwaka 1998 mashtaka yakasitishwa, mwanamke akionekana si shahidi wa kuaminika kwa sababu ya dawa za kulevya. Nguo na mabuti yaliyochukuliwa kwa mshukiwa yakawekwa ghala la vielelezo. Wanawake wa Vancouver, wengi wao wa jamii za wenyeji wa asili, wakaendelea kutoweka, huku polisi wa jiji na polisi wa taifa wakitazamana kuhusu nani mwenye eneo. Pickton alikamatwa mwaka 2002 kwa sababu iliyoanzia kwenye silaha. Yale mabuti na nguo yalikuja kupimwa mwaka 2004, na yalikutwa na vinasaba vya wanawake wawili waliotoweka. Miaka saba jibu lilikuwa kwenye rafu, na namba ya kielelezo juu yake.

Kwa hiyo mtu akiniambia kesi hizi zinahitaji teknolojia ya kisasa, namuuliza kwanza kuhusu rafu. Detroit, mwaka 2009, ofisi ya mwendesha mashtaka Kym Worthy iligundua katika ghala la polisi masanduku 11,341 ya sampuli zilizochukuliwa kwa waliobakwa, hayajapimwa, mengine yamekaa miongo. Fikiria kila sanduku ni saa kadhaa za mwanamke amelala kitandani hospitalini akichukuliwa sampuli mwilini, akiambiwa hii itasaidia. Zilipokuja kupimwa, yaliibuka majina ya washukiwa zaidi ya 800 waliohusishwa na ubakaji zaidi ya mmoja. Baadhi walikuwa wameendelea kubaka wakati sanduku lao limekaa pale. Fedha za kupimia zilichangwa hata na watu binafsi, maana jiji lilikuwa linaelekea kufilisika, nalo likafilisika mwaka 2013. Kama jiji lililofilisika lilipima, hoja ya bajeti sijui itasimama wapi.

Kuhamisha jalada nako si ndoto. Marekani ilipitisha mwaka 2022 sheria inayoziruhusu familia kuomba kesi ya mauaji iliyokaa miaka mitatu ipitiwe upya na mpelelezi asiyehusika mwanzo. Inahusu kesi za serikali kuu tu, na bado inasubiri familia iombe, jambo ambalo kwangu ni nusu ya kazi. Uingereza tangu 2011 inataka jopo likae baada ya kila mauaji ya majumbani na kuuliza nani alijua nini: daktari, polisi, ustawi wa jamii, shule. Majopo hayo hayakamati mtu, na ripoti zake zinafanana hadi inachosha. Mara kwa mara zinaonyesha mwanamke alishawahi kusema, mahali fulani, kwa mtu fulani mwenye kalamu.

Lipo pingamizi zito ambalo siwezi kulikwepa. Tunampa dola kazi hii, na dola ana watu wake. Machi 2021 Sarah Everard alitekwa London na kuuawa na mtu aliyekuwa bado askari wa polisi wa jiji hilo, aliyemkamata kwa kutumia kitambulisho chake cha kazi. Uchunguzi uliotolewa Februari 2024 ulionyesha kuwa askari huyo alikuwa ameripotiwa kwa kujianika uchi hadharani tangu 2015, na namba ya gari lake ilikuwa imejulikana. Walioipokea taarifa hiyo walikuwa wenzake kwa kazi. Timu ya pili ninayoisema haiwezi kuwa chumba cha pili katika jengo lile lile, chini ya kamanda yule yule. Iwe na wapelelezi wake, iripoti kwa mwendesha mashtaka au mahakama, na jalada la askari anayetuhumiwa lianzie huko moja kwa moja, lisisubiri muda kupita.

Wakati hayo yanasubiri bunge la nchi yoyote ile, sisi waandishi tuna aya tatu zetu za kurekebisha, na hiyo haihitaji bajeti. "Wivu wa mapenzi" ufutwe kabisa. Ni utetezi wa mshtakiwa ulioandikwa mapema na mtu ambaye si wakili wake. Kisha msemaji anaposema upelelezi unaendelea, tumuulize unaendelezwa na nani, jalada lilifunguliwa mara ya mwisho tarehe gani, mtu wa mwisho aliyeishi na marehemu amehojiwa au hajahojiwa, vielelezo viko rafu ipi na vimepelekwa maabara lini. Ni maswali ya dakika mbili. Msemaji akikosa jibu, hilo ndilo liingie aya ya kwanza, pale walipokuwa wamekaa watu wasiojulikana.